Kuuza swichi janja ni biashara moja, kugusa waya wa mteja ni biashara nyingine



Leo naandika ndefu kidogo, tafuta kiti ukae. Kila wiki napokea ujumbe wa mtu anayeuza kamera, swichi za kuwashia kwa simu, vitasa vya alama ya kidole au kengele za getini. Swali ni lile lile: "Dada, nimechoka kuuza tu halafu fundi ndiye anakula hela ya kufunga. Nataka nifunge mwenyewe. Inatakiwa leseni gani na nisomee wapi?"

Nawaelewa kabisa, maana na mimi nilianzia hapo. Nina duka dogo hapa Kolandoto, njia panda ya kwenda Kishapu, na mauzo yangu mengi yanapitia simu. Nimeishia kidato cha nne, haya mambo nimejifunza kwa kutazama video na kuharibu vitu. Swichi janja moja nilikuwa naichukua Kariakoo kwa elfu 22, nauza elfu 32. Ukitoa nauli ya mzigo kwenye basi nabaki na kama elfu 8. Fundi anayekuja kuifunga anachukua elfu 25 kwa nusu saa. Nikasema hapana, hii hela inanipita mlangoni.

Basi nikaanza kufunga, sina cheti wala leseni. Nilikuwa na tesita ya elfu mbili, bisibisi na mdogo wangu wa kunishikia ngazi.

Siku iliyonifundisha

Ilikuwa Machi 2024. Mteja ni mama mmoja, nesi mstaafu, alitaka taa tatu za nyumbani kwake aziwashe kwa simu, kwa sababu magoti yanamsumbua na usiku hapendi kuamka. Swichi zake za ukutani zilikuwa na waya mbili tu, hazina nyutro, na swichi nyingi janja zinahitaji nyutro. Nikaamua kifaa tukiweke juu darini, kwenye taa yenyewe. Hilo wazo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa kwenye namna ya kuzima umeme.

Mama alikuwa na friji imejaa nyama ya msiba. Sikutaka kumzimia nyumba nzima. Nikazima taa kwa swichi ya ukutani, taa ikazimika, nikamwambia mdogo wangu panda. Hata tesita sikuitoa mfukoni.

Kumbe aliyefunga ile nyumba miaka ya nyuma alipitisha swichi kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Nyumba za hivyo zipo nyingi kuliko unavyodhani. Ukizima swichi taa inazimika kweli, lakini waya wa moto pale juu bado una volti 230 zote. Mdogo wangu alishika, akapigwa, akarushwa kutoka kwenye ngazi. Alivunjika mkono wa kushoto.

Tulimkimbiza hospitali hapa hapa Kolandoto. Yule mama alikuja nyuma yetu kwa bodaboda, na magoti yake hayo hayo. Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza taratibu: "Binti, ni nani aliyekuruhusu kugusa umeme wa nyumba yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani ruhusa ni yeye kuniita.

Hesabu ya ile kazi, matibabu, nauli, hela ya mama niliyorudisha na siku nilizofunga duka, ilifika shilingi 340,000. Faida niliyokuwa naikimbilia ilikuwa elfu 75 za ufundi. Na nashukuru Mungu ni mkono. Ingeweza kuwa jeneza.

Kuanzia hapo nikaanza kuuliza vizuri. Nilichokipata ndiyo hiki hapa chini.

Kwanza chora mstari: kazi gani inagusa umeme wa nyumba?

Kabla ya kuuliza leseni, gawanya bidhaa zako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vya kuchomeka tu. Plagi janja, balbu janja ya kuskuruu, kamera ndogo ya betri, kengele ya mlangoni ya betri. Mteja anachomeka mwenyewe, wewe unamsaidia kuunganisha kwenye simu na waifai. Hapa hujafungua ukuta wala hujagusa waya wa nyumba.

Fungu la pili ni vitu vya waya mdogo na mawasiliano: kamera za CCTV na rekoda yake, ruta, intakomu ya getini, kitasa cha umeme mdogo. Hapa unapitisha nyaya za data, unaunganisha vifaa vya mawasiliano.

Fungu la tatu ni kila kinachoingia kwenye umeme wa nyumba: swichi za ukutani, soketi, breka, mota ya geti, hita ya maji, pampu, na kuongeza laini mpya ya umeme kwa ajili ya kamera. Hili ndilo lililomvunja mdogo wangu mkono, na hapa ndipo sheria ilipo kali zaidi.

Wengi wetu tunajiita "mafundi smati homu" na tunachanganya yote matatu kana kwamba ni kitu kimoja.

Karatasi za biashara yenyewe

Hizi zinahusu kila mtu, hata asiyefunga kitu.

TIN ya TRA. Inatolewa bure, ukiwa na namba yako ya NIDA. Mtu akikuomba hela ya TIN, hiyo hela ni yake. Na ukiongeza huduma ya ufundi juu ya kuuza, waeleze TRA mapema, kwa sababu kodi ya huduma ya kitaalamu inaweza kukokotolewa tofauti na ya kuuza bidhaa dukani.

Jina la biashara, BRELA. Kama unatumia jina ambalo siyo lako la kuzaliwa, unalisajili. Yote yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wao wa ORS, unaweza kufanyia hata kwenye simu ukiwa na bando la kutosha.

Leseni ya biashara. Zipo za kundi A zinazotolewa na BRELA na za kundi B zinazotolewa na halmashauri. Duka kama langu linaangukia halmashauri, yaani Manispaa ya Shinyanga, na maombi yanapitia mfumo wa TAUSI. Angalia sana hapa: leseni inataja aina ya biashara. Ya kwangu ilikuwa ya kuuza vifaa vya umeme na elektroniki. Kuuza vifaa hakukuruhusu kuvifunga.

Mimi nilikuwa nazo zote tatu siku ya ile ajali, tena ya manispaa nimeitundika ukutani kwenye fremu. Hakuna hata moja iliyokuwa inajibu swali la yule mama.

Leseni inayojibu lile swali: EWURA

Kufunga umeme kwenye majengo ni kazi inayohitaji leseni chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na anayetoa ni EWURA. Leseni hii anapewa mtu mwenye ujuzi. Zipo kwa madaraja, kuanzia A ambalo ni la kazi kubwa kabisa, inashuka B, C, D, na W ambalo ni la wanaoanza. Daraja lako ndilo linalosema mwisho wa kazi unazoruhusiwa. Kuna pia la S kwa kazi maalumu.

Wanachoangalia ni vitu viwili: cheti cha mafunzo ya umeme na uzoefu wa kazi. Maombi yanapelekwa mtandaoni kwenye mfumo wao unaoitwa LOIS. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa ofisi yao ipo Mwanza.

Usidhani hili ni la kwetu tu. Majirani zetu Kenya wanafanya hivyo hivyo kupitia EPRA, nao wana madaraja yao. Uingereza, tangu 2005, kuna kazi za umeme za nyumbani ambazo lazima zifanywe na fundi aliyesajiliwa au zikaguliwe. Na hapa kwetu, hata TANESCO ili wamuunganishie mteja mpya wanataka nyumba iwe imefungwa na mkandarasi mwenye leseni. Kwa hiyo mteja anayejenga leo, awe Kolandoto, Kahama au Geita, tayari ana fundi mmoja mwenye leseni. Wewe unaingia baada yake, unafungua kazi yake. Kama huna leseni, kikitokea kitu wa kwanza kunyooshewa kidole ni wewe.

TCRA: vifaa vinavyoongea hewani

Lile fungu la pili lina mwenyewe, naye ni TCRA. Kuna leseni ya kuingiza na kusambaza vifaa vya mawasiliano ya kielektroniki, na kuna ya kusimika na kufanyia matengenezo vifaa hivyo. Mbali na leseni, vifaa vyenyewe vinavyotumia mawimbi ya redio, kama waifai na bluetooth, vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na TCRA.

Usikae nyumbani kubashiri kama bidhaa yako inahusika. Andika orodha: jina la kifaa, namba ya modeli, kinatumia waifai au waya, na wewe unafanya nini nacho, unauza tu au unafunga. Waonyeshe wao. Na wao wana ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, kwa hiyo nauli moja unamaliza ofisi mbili.

Mafunzo: kwa mtu wa kidato cha nne mwenye duka

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wanadhani lazima uwe injinia. Siyo kweli. Njia zipo.

Njia ya kwanza ni VETA, fani ya ufungaji umeme. Chuo kipo Shinyanga mjini hapo. Unapanda kwa ngazi, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu, na vyeti vyake vinatambulika.

Njia ya pili ni ya wale waliojifunzia kazini. VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi: kama umefanya kazi chini ya fundi kwa muda, wanakupima unachokijua, wanaziba mapengo, unapata cheti bila kuanza upya darasani. Ila usiende na uzoefu wa video. Watakupa waya na ubao, wataangalia mikono yako.

Njia ya tatu ni nyongeza, haichukui nafasi ya hizo mbili: upande wa mtandao. Cisco Networking Academy wana masomo ya bure mtandaoni ya misingi ya mitandao na vifaa vilivyounganishwa na intaneti. Ni ya Kiingereza, mimi nilisoma na kamusi pembeni. Yanasaidia sana, kwa sababu malalamiko mengi ya wateja wangu huwa yanatoka kwenye waifai. Mfano mdogo: vifaa vingi vya bei yetu vinapokea waifai ya 2.4GHz tu. Mteja akiwa kwenye 5GHz atakupigia simu usiku kwamba umemuuzia kibovu.

Na kwenye umeme kuna hesabu moja ambayo kila muuzaji wa swichi janja aijue leo leo, hata kama hafungi. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Swichi janja nyingi tunazouza zimeandikwa ampea 10 au 16. Mteja akikwambia "nataka niwashe hita kwa simu" na wewe ukampa ya ampea 10 kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye stoo, umemuuzia moto. Angalia namba iliyo nyuma ya kifaa kabla ya kutaja bei.

Kamera na siri za watu

Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na Tume yake ipo. Picha ya mtu kwenye kamera ni taarifa yake. Usielekeze kamera ya mteja kwenye dirisha la jirani, na usibaki na nywila ya mteja kwenye simu yako baada ya kazi. Mwache aweke yake mwenyewe, wewe ukiwa umegeuka.

Halafu nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla hujatoka mlangoni. Mwaka 2016 wahalifu walitumia programu inayoitwa Mirai kuingia kwenye maelfu ya kamera na rekoda duniani, kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani. Wakazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa masaa. Kamera zenyewe zilikuwa za watu wa kawaida, madukani na majumbani, wala hawakujua.

Wakikwambia "nikukodishie muhuri"

Hili litakukuta. Baada ya ile ajali fundi mmoja mwenye leseni aliniambia: "Wewe funga tu, mimi nakugongea muhuri, nipe elfu 30 kila kazi." Sitadanganya, niliifikiria usiku mzima. Ilikuwa rahisi kuliko kusoma.

Kilichonizuia ni yule mama. Angeniuliza tena, "ni nani aliyekuruhusu?", ningemwonyesha karatasi ya mtu ambaye hajawahi kuiona nyumba yake. Muhuri wa kukodi hauzimi umeme darini. Na siku nyumba ikiungua, mnaenda wote wawili kujieleza, na kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Nilimwambia fundi mwingine kitu tofauti: njoo ufunge wewe, mimi nitakuwa msaidizi wako. Akakubali.

Tunavyofanya sasa

Mimi nauza kifaa, natoa risiti yangu. Fundi mwenye leseni anafunga, anamwandikia mteja risiti yake ya ufundi, namba ya leseni ikiwemo. Nikimletea mteja, ananipa asilimia 15 ya ufundi. Kazi ya elfu 80 napata elfu 12 bila kupanda ngazi. Siku za kazi naenda naye nafanya kazi chini ya macho yake, na kila kazi naiandika kwenye daftari: tarehe, aina ya kazi, tulipima nini. Hilo daftari ndilo nitakaloenda nalo VETA kupimwa. Leseni ya EWURA bado sina, na wateja nawaambia hivyo hivyo bila kuficha.

Mambo manne hatuyaruki. Tunazima meinswichi, hata kama friji imejaa nyama. Tunapima kila waya kwa mita kabla ya kushika, na mita yenyewe tunaijaribu kwanza kwenye umeme unaojulikana upo. Tunaangalia ethi, maana ardhi yetu ya Shinyanga ikikauka kiangazi ethi nyingi zinakuwa za jina tu. Na tukikuta swichi imepita kwenye nyutro, tunamwonyesha mteja, tunarekebisha kwanza, ndipo tunafunga kifaa.

Mdogo wangu amepona. Sasa anasoma umeme, kwa hiari yake mwenyewe. Siku nikianza kumlipa mshahara nitamsajili WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu sitaki tena bili ya hospitali itoke kwenye mtaji wa duka. Na tukifika mahali pa kuchukua mikataba mikubwa kama kampuni ya ukandarasi, hapo kuna usajili wa CRB. Hiyo ni safari ya mbele.

Wiki hii fanya haya

1. Gawanya bidhaa zako mafungu matatu kama nilivyoeleza. Fungu la tatu acha kufunga kuanzia leo kama huna leseni.
2. Soma leseni yako ya biashara imeandika nini hasa.
3. Tafuta fundi mmoja mwenye leseni ya EWURA eneo lako. Mwombe aione, siyo akuambie tu. Mkubaliane asilimia kwa maandishi.
4. Nenda VETA iliyo karibu uulize mambo mawili: kozi ya ufungaji umeme inaanza lini, na urasimishaji ujuzi unataka nini.
5. Nunua daftari.

Mwezi uliopita yule mama alinipigia. Taa zake tatu bado anaziwasha kwa kutembea gizani na magoti yake. Akasema, "Ukipata huyo fundi wako mwenye karatasi, njooni mmalizie." Tulienda Jumamosi. Nilizima meinswichi mwenyewe. Mama akatoa nyama kwenye friji, akapika, tukala wote.

Kama kuna hatua umekwama, uliza hapa chini. Kama wewe ni fundi mwenye leseni upande wa Kahama au Geita na unatafuta wauzaji wa kushirikiana nao, jitaje, tupo wengi.